Baraza la Mhanga na Kwato ya Sikitu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani, mmekula leo au hamjala? Wa nyuma nao waitike. Paukwa!

Pakawa!

Hadithi imesimama mlangoni. Niifungulie?

Ifungulie!

Na nikikasirika katikati?

Tutakasirika nawe!

Haya, kaeni vizuri.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walikuwa na nchi yao, na nchi hiyo ilikuwa na mfalme. Mfalme alikuwa Kiboko. Msiniulize nani alimchagua. Alikuwa na mdomo mkubwa, akakaa mtoni, akasema yeye ni mfalme, na hakuna aliyetaka kuingia majini kubishana naye. Basi ikawa hivyo.

Nchi hiyo ilikuwa pia na hakimu. Hakimu alikuwa Mhanga. Mnamjua Mhanga? Yule mwenye pua ndefu kama ya nguruwe na masikio kama ya punda, anayechimba mashimo na kula mchwa. Alikuwa bibi wa makamo, si mrembo, si mwepesi wa maneno. Lakini masikio yake, jamani. Mchwa akitembea chini ya ardhi, Mhanga anamsikia na anajua anakokwenda.

Baraza lake lilikuwa na desturi ambayo wageni waliicheka. Wakati wa kusikiliza kesi, hakimu aliingiza kichwa chake shimoni na kuacha makalio nje. Ndiyo, cheka wewe, nami nilicheka nilipohadithiwa mara ya kwanza. Mlalamikaji alikuwa na shimo lake la kusemea, na mlalamikiwa alikuwa na lake. Waliweka midomo kwenye mashimo wakasema, na sauti zikapita chini ya udongo mpaka kwa hakimu.

Unajua kwa nini walifanya hivyo? Zamani za mababu zao kulikuwa na hakimu aliyetazama nyuso. Siku moja Chui alishtakiwa na Swala. Chui hakujitetea hata kwa neno moja. Alipiga miayo tu. Hakimu akayaona yale meno, na Swala akashindwa kesi. Wanyama walikasirika sana, wakasema kuanzia siku hiyo hakimu hatatazama mtu. Atasikia sauti tu, maana ikishapita kwenye udongo, sauti ya tembo na sauti ya sungura zote zina uzito mmoja.

Wakaweka na sheria nyingine. Yeyote anayefungiwa, sauti yake lazima isikike barazani. Akifungiwa bila sauti yake kusikika, huyo hakufungwa, ameibwa. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa, mwaka mmoja ukaja ugonjwa. Ulikuwa kikohozi kikavu. Mnyama anaamka mzima, jioni anakohoa, siku chache baadaye hawezi kusimama. Walikufa wengi. Pundamilia alimzika mkewe. Nyani alizika wazazi wote wawili. Na Digidigi, yule swala mdogo mdogo mwenye macho makubwa, alimzika mumewe, akabaki na binti yake wa pekee. Binti huyo aliitwa Sikitu.

Mfalme Kiboko akatoa amri. Wanyama wasikusanyike. Anayekohoa akae mbali na wenzake. Wagonjwa wapelekwe kwenye boma la miiba, walishwe huko mpaka wapone. Mimi siwezi kuilaumu amri hiyo. Ugonjwa ulikuwepo kweli, na kukaa mbali mbali kulisaidia kweli.

Lakini amri ilihitaji msimamizi, na mfalme akamteua Fisi kuwa Bwana Afya. Fisi, ndugu zangu. Anayekula mizoga ndiye aliyepewa kazi ya kulinda afya. Siku nyingine wanyama wangecheka mpaka walie, ila siku hizo walikuwa wanaogopa, na aliyeogopa hakuwa na nafasi ya kucheka.

Fisi hakukawia. Akaenda barazani kwa Mhanga na mzigo wa miiba, akamwambia kwa adabu nyingi kwamba baraza nalo ni mkusanyiko, na wenye kesi wakija watakoholeana. Akamwomba apumzike kidogo mpaka ugonjwa upite. Mhanga aliona maneno hayo yana busara. Hata yeye alikuwa amefiwa na dada yake. Akakubali. Fisi akaziba mlango wa baraza kwa miiba, na Ngiri, bawabu wa baraza, akawekwa hapo nje kuwarudisha watu.

Mhanga akashuka shimoni kwake. Hakuna kesi iliyoletwa. Akasema moyoni mwake kwamba nchi imetulia. Hapo huwa nataka kumkamata masikio nimtikise. Nchi haikuwa imetulia. Nchi ilikuwa imezibwa mdomo.

Maana huku nje, mto wa mfalme haukufungwa. Kiboko aliendelea kuoga na wajomba zake wote na wapwa zake wote, matope mpaka masikioni, wakikoholeana kwa furaha. Miti ya matunda ya mfalme haikufungwa. Karamu hazikufungwa. Katika nchi nzima, kilichofungwa kwa ajili ya afya ni mlango wa hakimu.

Sasa sikieni lililompata Digidigi. Yeye na binti yake walikaa kwenye chemchemi ndogo chini ya kilima. Maji yake yalikuwa safi na baridi, na kila mnyama aliyepita alikunywa bila kuombwa kitu. Kiboko aliitamani chemchemi ile. Maji ya mto yalikuwa yamechafuka kwa karamu zake mwenyewe, na sasa aliogopa kuyanywa. Akatuma mtu kumwambia Digidigi ahame. Digidigi akajibu kwa heshima kwamba mume wake amezikwa hapo, na wagonjwa wote wa upande ule wanategemea maji yale, hawezi kuhama.

Siku ya pili yake Fisi akaja. Akasimama mbali, akanusa hewa, akasema Sikitu anakohoa. Digidigi akasema mtoto hajakohoa hata mara moja. Fisi akasema Bwana Afya ni nani hapa, wewe au mimi? Akamchukua mtoto. Alipofika njiani akageuka, akasema taratibu kwamba mtoto atapona haraka sana siku mama yake atakapohama chemchemini.

Mnaelewa alichofanya? Mtoto mzima, asiye na homa wala kikohozi, amekwenda kutupwa katikati ya wagonjwa. Kila siku anayokaa humo, ugonjwa unamsogelea. Digidigi alilijua hilo. Hakulia. Alikimbia moja kwa moja mpaka barazani.

Akamkuta Ngiri mlangoni. Akamsalimu, akamweleza yote. Ngiri akatazama chini. Akamwambia baraza limefungwa kwa ajili ya ugonjwa, arudi ugonjwa ukiisha. Digidigi akamwuliza, je, na boma nalo limefungwa mpaka ugonjwa uishe? Ngiri akasema hilo si la kwake.

Akarudi mara ya pili. Safari hii Ngiri alikuwa na maagizo mapya. Alimwambia kwamba malalamiko yote ya wakati wa ugonjwa yanapelekwa kwa Bwana Afya. Digidigi akamwambia, "Kaka Ngiri, ninayemlalamikia ndiye Bwana Afya." Ngiri akajikuna shingo, akasema ndivyo alivyoambiwa. Yaani kondoo aliyeibiwa akaripoti kwa mwizi wake, na mwizi akishapata nafasi ataichunguza kesi. Mimi nimeona mambo mengi, lakini hilo bado linanipandisha damu.

Akarudi mara ya tatu. Mara hii Ngiri hakumjibu kabisa. Aliingia kwenye shimo lake, akajifanya amelala.

Digidigi akarudi chemchemini peke yake.  Pembeni mwa chemchemi kulikuwa na shimo kuukuu ambalo Mhanga alilichimba miaka mingi nyuma akitafuta mchwa. Digidigi alikuwa akilipita kila siku bila kulitazama. Siku hiyo alijilaza kando yake, akaweka mdomo kwenye tundu, akaanza kuimba. Nanyi mtaitikia. Mkisikia "nani anasikia", mwitike "udongo unasikia". Haya.

Mhanga, Mhanga wa shimoni, nani anasikia?

Udongo unasikia!

Mwanangu hana homa, nani anasikia?

Udongo unasikia!

Wamemtia kwa wagonjwa, nani anasikia?

Udongo unasikia!

Mlango wako una miiba, nani anasikia?

Udongo unasikia!

Akaimba mpaka sauti ikakauka. Na chini kabisa, kwenye shimo lake, Mhanga aliyekuwa amelala akainua sikio moja. Halafu akainua la pili. Sauti ilikuwa inapita shimo hadi shimo, chini ya kilima, chini ya mizizi, mpaka kwake. Fisi alikuwa ameziba mlango wa baraza. Hakukumbuka kwamba Mhanga ametoboa nchi nzima.

Mhanga akachimba mpaka chemchemini, akatokea mbele ya Digidigi, vumbi tupu usoni. Digidigi akamwamkia shikamoo, na Mhanga hakuweza kuitikia marahaba kwa aibu. Akamwuliza kwa nini hakuja mapema. Digidigi akamwambia alikuja, akaja tena, na akaja tena.

Mhanga akaenda kwa Ngiri. Akamwuliza kwa nini hakumwambia. Ngiri akasema aliambiwa asimsumbue hakimu.

"Uliambiwa na nani?"

"Na Bwana Afya, Bibi."

"Tangu lini bawabu wangu akatumwa na mshtakiwa?"

 Ngiri aliing'oa miiba ya mlangoni kwa meno yake mwenyewe, na midomo ikamtoka damu, na hakuna aliyemwonea huruma. Mimi namwonea kidogo tu. Hakuwa mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake ulimgharimu mtoto wa mwenzake siku baada ya siku.

Kisha Mhanga akatangaza kwamba baraza limefunguliwa, na kesi ya Digidigi itasikilizwa. Na akasema hakuna atakayekusanyika. Kila mnyama abaki kwake, aende kwenye shimo lililo karibu naye, asemee hapo. Tangu mababu zetu, akasema, hakimu wa nchi hii hajawahi kuhitaji kuona uso wa mtu. Alihitaji sauti tu, na sauti haina kikohozi.

Habari zikafika mtoni. Kiboko akatoa puani povu la hasira. Amri ya afya haikuvunjwa, kwa hiyo hakuwa na pa kushika. Akamtuma Fisi.

Mara ya kwanza Fisi alikwenda na maneno matamu. Akamwambia Mhanga kwamba mfalme anathamini sana kazi yake, na amempa vichuguu vyote vya uwanda wa kifalme, ale mchwa mpaka achoke, ila tu kesi hii aiahirishe. Mhanga akamjibu kwamba vichuguu vile amevila tangu ujana wake bila kupewa na mtu. Amshukuru mfalme, na amkumbushe shimo lake la kusemea liko ukingoni mwa mto.

Mara ya pili Fisi hakwenda na maneno. Alikwenda na wapwa wa mfalme, viboko vijana wenye miguu kama vinu. Wakakanyaga mashimo ya Mhanga, wakayajaza matope. Wakafukia hata shimo alimolala Ngiri na watoto wake. Fisi akasema hakimu asiye na shimo si hakimu tena. Mhanga hakubishana. Akaanza kuchimba. Walifukia huku, akatoboa kule. Walifukia kule, akatoboa huku. Viboko wakachoka, wakarudi kuoga. Na Ngiri, aliyekuwa hana pa kulaza wanawe, akaanza kuchimba naye, kwa pua.

Mara ya tatu Fisi hakwenda na maneno wala na miguu. Alikwenda na hila. Na hila yenyewe mtaiona muda si mrefu.

Siku ya kesi ikafika. Jua lilikuwa limepanda, nchi imenyamaza. Mhanga akaingiza kichwa chake shimoni. Digidigi alikuwa chemchemini, mdomo kwenye tundu. Kiboko alikuwa ukingoni mwa mto. Fisi alikuwa bomani. Na kwenye mashimo mengine yote, wanyama waliinamisha masikio. Pundamilia kwake, Nyani kwake, Sungura kwake. Walikuwa mbali mbali kama ilivyoamriwa, na wote walikuwa barazani.

Digidigi akasema kesi yake. Hakuipamba. Akasema mtoto wake alichukuliwa mzima, na kwamba aliambiwa atarudishiwa akihama chemchemini.

Kiboko akaitwa ajibu. Akasema afya ya nchi ndiyo ya kwanza, na anayeleta kesi wakati watu wanakufa ni adui wa wagonjwa. Akasema mfalme hashtakiwi. Mhanga akajibu kutoka shimoni kwamba hajui kama huyo anayesema ni mfalme, maana kichwa chake kimo ndani ya udongo. Alichosikia ni sauti ya mlalamikiwa, nayo haijajibu alichoulizwa. Kwenye mashimo ya mbali, kuna waliokohoa kwa kucheka.

Kisha Mhanga akasema, "Sheria inataka sauti ya aliyefungiwa. Namtaka Sikitu."

Fisi akasema mtoto yu taabani, hawezi kutoka. Mhanga akasema hana haja ya kutoka. Ndani ya boma kuna shimo chini ya mgunga, alilichimba mwenyewe. Aseme hapo.

 Halafu ikaja sauti nyembamba, ya kitoto, imechoka. Ilisema, "Mama, mimi naumwa. Nakohoa sana. Niache hapa mama, hama chemchemini, nitapona."

Digidigi akaisikia. Ilikuwa sauti ya mwanawe, ile ile, hata lile jina mama alilitamka vile vile. Akasema basi, wachukue chemchemi, wachukue na kilima, yeye hataki tena kesi. Wanyama wote waliinamisha vichwa. Fisi alikuwa amekaa bomani, ulimi nje, anasubiri hukumu yake.

 Mhanga akasema kwa upole, "Sikitu, mjukuu wangu, piga kwato chini nisikie."

Kimya.

"Usiogope. Piga kwato yako chini, hapo ulipo."

Kukasikika kitu kikigonga. Tik, tik. Mhanga akasema hiyo si kwato. Huo ni mdomo wa ndege. Akasema na ile sauti ya kwanza haikutoka chini, ilishuka kutoka juu ya mti ikaangukia shimoni. Miaka yote ya uhakimu wake hajawahi kusikia kesi ya digidigi aliyepanda mti.

Alikuwa Kasuku, ndugu zangu. Kasuku, anayeweza kuiga sauti ya mtu yeyote na asijue anachosema. Fisi alimweka kwenye mgunga na kumfundisha maneno. Fisi aliujua ujanja wote wa macho na wa mdomo. Hakujua tu kwamba hakimu wa nchi ile husikiliza kwa udongo.

Lakini Mhanga hakuwa amemaliza. Akawaambia wanyama wote wanyamaze, asipumue mtu. Akasema kuna kwato nyingine, ndogo, upande wa nyuma wa boma. Inapiga tangu alipoita. Inapiga polepole, kama mtu aliyefungwa kamba.

Ilikuwa kweli. Sikitu alikuwa amefungwa mdomo na miguu kwa mizabibu ya mwituni, nyuma kabisa ya wagonjwa, asionekane wala asisikike. Alikuwa hawezi kuita. Lakini alimsikia hakimu akisema piga kwato chini, na mguu mmoja ulikuwa huru. Akapiga. Hakuna aliyemwona. Akaendelea kupiga.

Hapo Mhanga akatoa hukumu. Akasema amri ya ugonjwa ibaki, wanyama wasikusanyike, wagonjwa watengwe na watunzwe. Ila hakuna atakayefungiwa bila sauti yake kusikika, hata siku moja, hata nchi nzima ikikohoa. Anayekamata asiwe ndiye anayesikiliza malalamiko juu yake. Chemchemi ni ya Digidigi na ya wote wenye kiu. Sikitu atolewe. Na Fisi, kwa kuwa anapenda sana boma, atawachotea wagonjwa maji kutoka chemchemini mpaka wa mwisho apone.

Kiboko akacheka. Akamwuliza Mhanga ana meno mangapi ya kumlazimisha. Na kwa kweli Mhanga alikuwa na meno machache, tena ya nyuma, ya kutafunia mchwa.

 Aliyejibu alikuwa Ngiri. Bawabu yule yule aliyejifanya amelala, akapiga mguu wake chini. Pundamilia akapiga wake, kule kwake. Nyani akapiga viganja. Tembo, mbali kabisa, akainua mguu na kuushusha. Kila mmoja mahali pake, hakuna aliyemsogelea mwenzake, hakuna aliyevunja amri ya afya. Walipiga kwa mwendo ule ule wa Sikitu. Maji ya mto yakaanza kutetemeka, ukingo ukameguka, na wale wapwa wenye miguu kama vinu wakajificha nyuma ya mjomba wao. Kiboko akasema haraka haraka kwamba hukumu ni nzuri, na yeye siku zote alikuwa anaiheshimu mahakama.

Boma likafunguliwa, Mhanga naye akachimba mpaka pale. Sikitu akatoka, amekonda, miguu inatetemeka. Digidigi alikuwa akimkimbilia.

Sikitu akakohoa.

Ndiyo. Aliingia mzima, akatoka mgonjwa. Mlango wa hakimu ulifungwa siku nyingi mno. Digidigi akasimama pale pale. Hukumu aliyoipata kwa jasho lake ndiyo hiyo hiyo iliyomkataza sasa kumkumbatia mwanawe.

Alimgeukia Mhanga, akamwambia, "Bibi, ungenisikia nilipokuja mara ya kwanza, ningekuwa nimemshika sasa hivi."

Mhanga alikuwa ametoa kichwa shimoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uhakimu alimtazama mlalamikaji machoni. Alisema, "Nililala nikidhani ukimya wenu ni amani. Nimekosa, mwanangu." 

Sikitu akapelekwa upande mmoja wa chemchemi, mama yake akakaa upande wa pili. Asubuhi mama alipiga kwato chini, na mtoto akajibu kwa kwato. Siku nyingine jibu lilichelewa, na mama hakula mpaka alisikie. Fisi alipita katikati yao na vibuyu vya maji kiunoni, amelegea nyuma kwa uzito, na ndiyo maana mgongo wake umeteremka mpaka leo. Siku zikapita, kikohozi kikapungua, Sikitu akapona. Wakashikana hatimaye, na wanaojua wanasema hawakuachana mpaka jua likazama.

Ila sauti ya Sikitu haikurudi. Koo lilikuwa limeharibika. Tangu hapo digidigi hawaimbi tena kama mama yule alivyoimba. Wanapiga mluzi mfupi kwa pua tu, na wakiona hatari wanapiga kwato chini. Ukimsikia digidigi porini, ujue anamkumbuka Sikitu.

Na Mhanga akaapa hatafukia wala hataziba shimo lolote alilolichimba. Ndiyo maana ukitembea porini unakuta mashimo wazi kila mahali, na watu wanalaani wakitumbukia mguu. Msilaani. Ile ni milango ya baraza.

Funzo la hadithi hii nitalisema wazi, maana nimekasirika na sitaki mtu asingizie hakuelewa. Ugonjwa ukija, fungeni mnachopaswa kufunga, lakini mlango wa hakimu msiufunge. Aliye hoi ndiye anayeuhitaji zaidi. Hakimu naye asiwe wa mfalme, wala asilale akidhani wasioonekana hawana shida. Na mtoto akipiga kwato mahali asipoonekana, mwenye masikio apige naye.

Hadithi imetoka mlangoni, inakwenda zake. Niufunge mlango nyuma yake?

Usiufunge!

Basi nauacha wazi. Lalani salama.